Kioo cha Buluu Hakipozi Ofisi

Kila ofisi ya umma inapopangwa Eastlands, Nairobi, iwe ya wadi kule Umoja au ya chifu Kayole, swali ni lile lile: tuweke kioo cha rangi gani ili jengo lisile stima, cha buluu au cha kahawia? Hakuna rangi ya kuchagua, kwa sababu joto lenyewe linaingilia kwenye kioo. Jua la alasiri likiupiga ukuta unaotazama magharibi huleta takribani wati 500 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa kioo wa mita 10 kwa 3 basi hupokea kilowati 15, sawa na pasi 15 za kilowati moja zilizowashwa na kupangwa kando ya meza za makarani. Chukua hata kioo kinachozuia nusu: bado pasi saba na ushei zinawaka. Tena kioo cha rangi hunywa sehemu ya joto hilo, kikawa cha moto, kisha kikatoa kiasi chake humo humo ndani. Kiguse kwa kiganja saa 10 alasiri. Na kwa kuwa kimekata mwanga pia, taa zinawashwa saa 6 mchana katika mji ulio jirani na ikweta. Madirisha yasipofunguka, AC inakuwa lazima, nayo inatibu ugonjwa ulioletwa na kioo.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hata Februari, kwa kawaida mchana hufika nyuzi 27 au 28 hivi na usiku hushuka hadi 14 au 15. Hewa hiyo inapoza jengo bure, mradi ipewe njia. Mombasa ungekuwa na hoja ya AC, hapa huna. Jengo la Umoja wa Mataifa la Gigiri, lililofunguliwa 2011 kwa watumishi wapatao 1,200, linapumua kwa madirisha na nyua za ndani zinazopandisha hewa ya moto hadi juu ikatoke. Ofisi zake hazina AC. Wageni hutazama mita za mraba 6,000 za paneli za sola zilizo juu yake na kuondoka wakidhani hiyo ndiyo siri. Kilowati 515 za paneli hizo zilikadiriwa kutosha kwa sababu matumizi yalikatwa kwanza, kwenye ramani. Kwa hiyo anayesema AC itaendeshwa na sola ameanzia mwisho: ghorofa zikiongezeka, paa haliongezeki.

Lakini Gigiri kuna miti na utulivu, wataniambia, Jogoo Road kuna vumbi, honi za matatu na wezi. Ni kweli, ila vumbi na kelele nyingi hutoka upande wa barabara. Weka ngazi, vyoo na stoo upande huo, madirisha ya ofisi yatazame ua. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ulipangwa kuzunguka viwanja vya wazi, kwa hiyo wazo hili si geni Eastlands. Wezi ni kazi ya grili, na grili haizuii dirisha kufunguka.

Basi fanyeni hivi. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Kwenye kiwanja cha Outering, barabara inayokwenda kaskazini hadi kusini, igeuzieni barabara upande mwembamba wa jengo. Upenu wa mita 1 juu ya dirisha la mita 1.5 hulikinga tangu saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, hata Juni. Jua la jioni liko chini mno kwa upenu wowote, hivyo magharibi jengeni ukuta wa mawe ya Ndarugo, madirisha machache. Upana wa jengo usizidi mita 15. Matundu ya hewa yakae karibu na dari, mabati yawe ya rangi nyeupe na yawekewe kizuia joto chini yake, taa ziwe za LED. Sola ihesabiwe mwisho, baada ya kujua taa na kompyuta zinakula kiasi gani.