Hema Zetu na Mto Thiba



Wasomaji wangu, wiki hii nauacha kidogo mlango wa mirathi tuliokuwa tukiusoma, tutaurudia inshaallah, kwa kuwa kuna jambo lililonishughulisha tangu Ijumaa mbili zilizopita.

Baada ya sala katika Msikiti wa Jamia, pale katikati ya jiji la Nairobi, vijana wawili walinisimamisha wakanionyesha picha katika simu: hema za rangi zimepangwa juu ya mchanga kando ya mto, maji yakipita karibu na milango yake. Walitaka familia zetu, nyingi zikiwa za watu wa pwani waliohamia Kawangware, Kangemi na Kilimani kwa ajili ya kazi, ziende zikalale siku mbili katika msitu wa Mlima Kenya likizo ya Aprili. Fikra hiyo niliipenda papo hapo. Watoto wetu wa Nairobi wanaujua mto kwa ule upitao nyuma ya nyumba zao, mweusi na wenye harufu, na si haki wakue wakidhani mito yote ndivyo ilivyo. Nikasema hema ziwe papo hapo ukingoni, ili atakayeamka kwa tahajudi asikie maji. Maneno hayo niliyasema mimi, na nayaandika hapa ili lawama isimwendee mwengine.

Mkutano ulifanyika Kawangware, Jumamosi baada ya alasiri. Wanaume tulikaa sebuleni, wanawake chumba cha ndani, mlango ukiwa wazi. Haikupita nusu saa tukawa tumemaliza: gari, mbuzi, hema, tarehe. Ndipo bibi mmoja, mzaliwa wa Ozi kule kwenye delta ya Tana, aliyekuja Nairobi kumwuguza binti yake, akauliza kutoka ndani:

"Na huo mto waitwaje?"

Akajibiwa kuwa ni Thiba.

"Waenda wapi?"

Hapana aliyejua. Kijana mmoja akafungua ramani katika simu, nasi tukaufuata mto kwa kidole. Thiba hushuka kutoka miteremko ya kusini ya Mlima Kenya, hunywesha mashamba ya mpunga ya Mwea, yale yatupayo mchele wa pishori kwa pilau zetu za Idi, kisha huingia katika Mto Tana. Na Tana, kama mjuavyo, hupita Garissa na Garsen hadi ukamwaga maji yake baharini Kipini. Kwa hivyo maji ya kambi yetu ni yale yale yafikayo kwao bibi.

"Basi maji hayo nayajua," akasema. "Mwaka wa Elinino, 1997, usiku yalipotuingilia kwetu hakukuwa na mvua. Yalitoka huko huko juu. Tuliamka mbuzi washachukuliwa. Nanyi mwataka kuwalaza watoto mlangoni pake?"

Sebuleni palikuwa kimya. Mimi niliyetaka kusikia maji usiku nilitazama chini.

Neno la bibi lina ushahidi wa karibu. Tarehe 1 Septemba 2019, katika bonde jembamba la Hell's Gate, karibu na Naivasha, gharika ya ghafla iliwakumba watu waliokuwa matembezini, na 7 wakafariki. Mwezi wa Mei 2024, Mto Talek ulifurika kule Maasai Mara ukaingia katika kambi za watalii, na watu wakaokolewa kwa helikopta. Mlimani mambo huwa hivi: mvua hunyesha juu, mahali usipopaona wala kupasikia, maji ya vijito vingi yakakutana katika mkondo mmoja, na kule chini ulikolala anga yaweza kuwa nyeupe na nyota zinawaka. Basi kutazama wingu lililo juu ya hema yako hakutoshi.

Jambo la kwanza tulilobadilisha ni tarehe. Aprili ni katikati ya masika, na miteremko hiyo ya kusini ndiyo ipatayo mvua nyingi. Tumeichagua Agosti, nayo pia ni likizo. Itakuwa baridi ya kuumiza mifupa, kwa kuwa msitu wa Castle, upande wa Kirinyaga, uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Leso na shuka havitafaa kitu. Wenye nafasi wanunue mablanketi Biashara Street, na wengine twende soko la Toi tukachague makoti na viatu vya mitumba.

Kisha mahali pa kulala. Kumbukeni kuwa Mtume (S.A.W.) aliwakataza wasafiri kupiga kambi usiku juu ya njia, kwa kuwa ndiko wapitako wanyama na wadudu. Nimeisomesha hadithi hiyo miaka mingi nikiwaza barabara za jangwani. Ukingo wa mto msituni nao ni njia: ndovu na nyati huteremka usiku kunywa. Kwa hivyo mchana tutakaa mtoni, tukipenda, na usiku tutalala juu, mahali palipoinuka, pale askari wa msitu atakapotuonyesha. Bibi ametufundisha kutazama vichaka: ukiona majani makavu na vijiti vimenasa kwenye matawi, basi maji yaliwahi kufika hapo. Pia kuchomeka fimbo penye ukingo wa maji alasiri na kuitazama tena magharibi. Maji yakigeuka rangi ya udongo, au sauti ya mto ikibadilika, kila mtu apande juu na mtoto wake, na sufuria zibaki.

Ruhusa ya kulala msituni hutolewa na Shirika la Huduma za Misitu, si la Wanyamapori. Hili la pili lina hifadhi ya taifa iliyo juu zaidi. Vijana walikuwa wameandikia ofisi isiyohusika.

Katika ibada, safari hii inapita kilomita 100, basi marhala mbili zimetimia, na asiyekusudia kukaa siku nne anaweza kupunguza na kukusanya sala. Kibla ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo tu, kwa hivyo tutasali tumeuelekea mlima wenyewe. Kuhusu udhu, nimeulizwa na kina mama watatu kama baridi inaruhusu kutayamamu. Ukiwa na jiko na maji, pasha maji. Tayamamu ni ya anayechelea madhara, si ya anayechukia kuamka.

Na haya ya kina mama yalisahaulika kabisa katika mkutano wetu wa nusu saa. Choo kiwe wapi, nani amsindikize mwanamke usiku, wapi atajifungia anayenyonyesha. Imekubaliwa kuwa hema za wanawake na watoto ziwe katikati, choo kiwe upande wa taa, na asiende mtu peke yake. Hakuna anayeoga wala kuosha vyombo kwa sabuni mtoni; maji yatatekwa kwa ndoo na kumwagwa mbali, hatua 70 au zaidi. Wako watu chini wanaoyanywa. Chakula hakitalala ndani ya hema, kwa kuwa harufu yake huita wanyama. Zile katoni za maji ya chupa na sahani za kutupa tulizokwisha kuziandika tumezifuta: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi na misitu ya Kenya. Tutakula kwa sinia, na mimi sioni hasara yoyote hapo.

Vijana wawili bado wananung'unika kuwa picha hazitapendeza hema zikiwa mbali na maji. Nimewaambia wapige picha mchana.

Tutaondoka Jumamosi baada ya alfajiri, gari likianzia Kangemi, kisha Kawangware na Kilimani, kabla ya kushika barabara ya Thika. Bibi ameahirisha kurudi Ozi mpaka tutoke huko. Anasema anataka kuuona mto ukiwa mdogo.