Shuku Hupita Penye Ufa

Ukiwauliza watu waliotazama filamu ya The Way We Were kwa nini Katie na Hubbell waliachana, utapewa moja ya majibu mawili. Wengi watakwambia mume alitoka nje ya ndoa. Waliobaki watasema wawili hao hawakuivana tangu mwanzo, mke mkali wa msimamo na mume mpenda raha, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Majibu yote mawili yamo ndani ya filamu. Lipo jibu la tatu, ambalo mwandishi wa hadithi alilikusudia liwe kiini chake, nalo liliondolewa na mkasi baada ya filamu kuoneshwa kwa majaribio. Nataka kulirudisha jibu hilo mahali pake. Bila hilo tunayaona mapenzi yaliyovunjika, hatukioni kilichoyavunja.

Filamu hii ilitoka mwaka 1973. Mwongozaji wake alikuwa Sydney Pollack, na aliyeiandika ni Arthur Laurents. Barbra Streisand anaigiza kama Katie Morosky, binti wa Kiyahudi asiye na mali, ambaye chuoni ni mwanachama wa umoja wa vijana wa kikomunisti. Anahudumia mezani na kufanya vibarua vingine ili ajisomeshe. Robert Redford, aliyefariki Septemba 2025, ni Hubbell Gardiner, kijana wa Kiprotestanti mwenye sura nzuri, mwanariadha, kipenzi cha kila mtu. Hadithi inaanza mwaka 1937. Wanakutana tena New York wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Katie akifanya kazi redioni, Hubbell akiwa amesinzia kwenye kiti cha baa na sare zake nyeupe za jeshi la majini. Wanapendana, wanaoana, wanahamia California ambako riwaya ya Hubbell inatengenezwa filamu. Hapo ndipo siasa za Washington zinapowabishia hodi.

Laurents hakuyatoa haya hewani. Alikuwa Myahudi, alisoma Chuo Kikuu cha Cornell katika miaka ya 1930, na Katie alimchota kwa sehemu kutoka kwa mwanafunzi mwenzake mwanaharakati ambaye hakumsahau. Kisha yeye mwenyewe alijikuta miongoni mwa walionyimwa kazi Hollywood kwa kushukiwa kuwa wakomunisti.

Tuanze na ufa, maana shuku haikuwakuta Katie na Hubbell wakiwa ukuta mzima. Chuoni, mwalimu wa uandishi anasoma mbele ya darasa hadithi bora kuliko zote. Katie, aliyehangaika na yake usiku na mchana, anaamini zamu yake imefika. Inayosomwa ni ya Hubbell, na inamhusu kijana ambaye kila kitu kilimjia kwa urahisi. Katie anatoka nje akilia, anachana kurasa zake na kuzitupa kwenye pipa la taka. Machozi yale yana wivu ndani yake, lakini yana jambo zito zaidi: ameona kwamba yapo mambo ambayo juhudi haiyafikii, na kwamba mwenzake amezaliwa ndani ya nyumba ambayo yeye anaizunguka akitafuta mlango.

Tukio la pili ni mkutano wa amani. Katie anasimama kuhutubia wanafunzi kuhusu vita vya Hispania, ambako Jenerali Franco anaungwa mkono na Hitler na Mussolini. Anazungumza vizuri mpaka wale waliokuja kumzomea wanaanza kusikiliza. Kisha watani wachache wanainua bango la mzaha nyuma yake, umati unaangua kicheko, naye anapandwa na hasira. Tukitazame kicheko hicho kwa makini. Hakuna aliyemtukana Uyahudi wake, na hakuna aliyemwambia kuwa maskini hana haki ya kusema. Kilichotokea ni kwamba watu wa tabaka moja walicheka pamoja, na yule asiye wa kwao akabaki jukwaani peke yake. Ubaguzi katika filamu hii huja hivyo kila mara. Unakuja na adabu nzuri na glasi mkononi, na humpima mtu kwa kuangalia kama anajua wakati wa kucheka.

Ubaguzi huo unafika hata kichwani. Baada ya kuingia kwenye dunia ya Hubbell, Katie ananyoosha nywele zake zenye mawimbi. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye kigoda jikoni huku chanuo la moto likipitishwa karibu na sikio anaelewa gharama ya jambo hilo bila kuelezwa. Mtu hajiunguzi masikio kwa sababu nywele zake zina kosa. Anafanya hivyo kwa kuwa ameambiwa, kwa maneno au kwa macho, kwamba mlango utafunguka akifanana na waliomo ndani.

Ufa unaonekana wazi zaidi Aprili 1945, Rais Franklin Roosevelt anapofariki. Katie ana msiba. Marafiki wa Hubbell wamekaa sebuleni wakimfanyia mzaha marehemu na mkewe. Katie anawalipukia, na Hubbell anaona aibu, ila aibu yake inaelekezwa kwa mpenzi wake wala si kwa waliofanya mzaha. Wanaachana kwa mara ya kwanza, kisha wanarudiana kwa sababu wanapendana kweli. Tukumbuke aibu hiyo. Hubbell habagui kwa chuki. Anachotaka ni Katie apunguze sauti ili maisha yawe mepesi, na ombi hilo dogo la kila siku ndilo litakalotumika baadaye.

Sasa tuingie kwenye historia yenyewe. Bunge la Marekani lilikuwa na kamati ya kuchunguza mienendo iliyodaiwa kuwa kinyume na taifa, iliyoundwa mwaka 1938 na kufanywa ya kudumu mwaka 1945. Vita vilipokwisha, Muungano wa Kisovieti uligeuka kutoka mshirika na kuwa adui, na Oktoba 1947 kamati hiyo ikawaita watu wa Hollywood. Waandishi na waongozaji 10 walikataa kujibu swali la kama wao ni, au wamewahi kuwa, wanachama wa chama cha kikomunisti. Walishtakiwa kwa kulidharau Bunge na wakafungwa mwaka 1950. Novemba 1947 wakuu wa studio walikutana katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, wakatangaza kuwafukuza hao 10 na kutoajiri mkomunisti yeyote kwa kujua. Hakuna sheria iliyopitishwa kuunda orodha nyeusi ya walionyimwa kazi. Ilitosha waajiri kuogopa.

Mashine ya orodha hiyo ilikuwa rahisi kuelezeka. Ukitajwa, kazi inakauka. Ukitaka kusafishwa, unafika mbele ya kamati na kutaja wengine. Mara nyingi kamati ilikuwa tayari inayo majina hayo, kwa hiyo ushahidi haukuhitajika sana. Kilichotakiwa ni mtu aonekane akiwachongea wenzake. Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako, na methali hiyo ina hekima yake nyumbani. Serikali ikiigeuza kuwa sera, kila nguo inavuliwa na kila mwenzi anakuwa wa kushukiwa. Katika filamu kinasa sauti kinagunduliwa kimefichwa kwenye picha ya ukutani, katika nyumba walimokutana marafiki. Wageni wanaangaliana. Kuanzia hapo swali la kila mmoja ni lile lile: nani kati yetu?

Hapa ndipo shuku na ubaguzi hushikana mikono. Novemba 24, 1947, John Rankin wa Mississippi, mjumbe wa kamati hiyo, alisimama Bungeni na kusoma majina ya wasanii waliotia saini kuipinga kamati. Kwa kila mmoja alitaja jina la jukwaani, kisha akafichua jina la kuzaliwa: Danny Kaye alikuwa Kaminsky, Edward G. Robinson alikuwa Goldenberg, Melvyn Douglas alikuwa Hesselberg. Hakuhitaji kutoa ushahidi wa kosa lolote. Jina la Kiyahudi lilisomwa kana kwamba ni kielelezo mahakamani. Kati ya wale 10 waliofungwa, 6 walikuwa Wayahudi. Mtu aliyekwisha kuonekana mgeni hahitaji kusukumwa mbali ili aonekane haini.

Shuku hiyo ilizifikia ndoa za kweli. Mwigizaji John Garfield, Myahudi aliyezaliwa kwa jina la Jacob Garfinkle, aliitwa mbele ya kamati mwaka 1951. Yeye hakuwa mkomunisti, lakini mkewe aliwahi kuwa mwanachama. Alikataa kutaja majina. Kazi ya filamu ikamkauka, na Mei 1952 akafariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 39.

Kwa hiyo Laurents alipoandika mgogoro wa mwisho wa Katie na Hubbell, aliuandika juu ya mfupa huo. Katika tukio lililokatwa, Hubbell anamletea mkewe habari kutoka studio: ametajwa. Aliyemchongea ni Frankie McVeigh, mwenzake wa harakati za chuoni. Studio haiwezi kuendelea kumpa kazi mwandishi mwenye mke wa namna hiyo. Ama Katie aende akataje wengine, ama Hubbell apoteze kazi. Katie anaiona njia ya tatu na kuisema mwenyewe: wakipeana talaka, Hubbell hatakuwa tena na mke anayeshukiwa. Hapo ndipo ombi lile la siku zote, punguza sauti, linageuka kuwa jambo la kuamua ndoa ibaki au ife. Na hapo tunaona kwamba usaliti wa Hubbell na mpenzi wake wa zamani ni dalili ya mtu ambaye tayari anatafuta pa kutokea.

Tukio hilo liliondolewaje? Katika onyesho la majaribio huko San Francisco, watazamaji waliifuata hadithi kwa hamu mpaka siasa za Hollywood zilipoanza, kisha wakapoa. Pollack na wahariri wake wakapunguza. Onyesho lililofuata likapokewa vizuri sana. Streisand aliyasikitikia matukio yaliyokatwa kwa miongo mingi, na toleo refu lililotoka mwaka 2023, filamu ilipotimiza miaka 50, limerudisha baadhi yake.

Ni haki kumsikiliza Pollack. Filamu ya mapenzi iliwafikia watu wengi ambao wasingelipa kiingilio kutazama filamu ya kamati ya Bunge. Ilipata tuzo 2 za Oscar, zote za muziki wa Marvin Hamlisch, na wimbo wake ukazunguka dunia. Isingependwa kiasi hicho, leo tusingekuwa tunaijadili. Lakini hasara nayo ni ya kweli. Matukio yalipotoka, sababu ilitoka nayo. Katika toleo la sinema Katie ana ujauzito, mume ana mwanamke mwingine, na ghafla wanakubaliana kukaa pamoja mpaka mtoto azaliwe, kisha waachane. Mtazamaji makini anahisi kuna ngazi iliyokosekana katikati. Wengi hulijaza pengo hilo kwa tabia ya Katie: alikuwa mkali mno. Hivyo lawama ya taifa zima inamwangukia mwanamke mmoja aliyekataa kunyamaza, ambaye ndiye aliyekuwa amelengwa tangu mwanzo.

Ndiyo maana nasisitiza jibu la tatu. Shuku ya kisiasa hupenda kujificha ndani ya mambo ya nyumbani. Ikishapita, waliobaki hukumbuka ugomvi, maneno makali na mlango uliobamizwa, wakaamini kwamba yote yalikuwa yao wenyewe. Ni kweli ufa ulikuwepo. Hubbell alikuwa mwepesi wa kukwepa, Katie mwepesi wa kuwaka, na kati yao kulikuwa na umbali wa tabaka na asili ambao mapenzi hayakuwahi kuuziba. Ila ndoa nyingi huishi na nyufa mpaka uzeeni. Ya kwao ilipigiwa kabari na watu waliokuwa na ofisi, mafaili na uwezo wa kumnyima mtu riziki.

Ukiwa na jibu hilo mkononi, tazama tena tukio la mwisho. Miaka imepita. Mbele ya hoteli ya Plaza, New York, Katie anagawa vikaratasi vya kupinga bomu la nyuklia. Nywele zake zimerudi kwenye mawimbi yake. Hubbell anatokea akiwa na mwanamke mwingine. Wanaulizana hali, wanamtaja binti yao, wanakumbatiana, na Katie anamwondolea nywele zilizoangukia usoni kama alivyofanya siku ile kwenye baa. Watazamaji hulia hapo, nami nimelia. Lakini sikiliza wanachoambiana. Hubbell anaandika kwa ajili ya televisheni. Mwaka 1950 kijitabu kimoja kilichapisha majina 151 ya watu wa redio na televisheni waliodaiwa kuelemea ukomunisti, na aliyemo humo alipata shida kuajiriwa. Hubbell yuko kazini, na sasa tunajua kazi hiyo ililipiwa na nini.

Katie naye ameolewa na mtu anayeitwa Cohen. Amelivua jina la Gardiner, lililomfunika kwa miaka kadhaa, na amebeba hadharani jina la aina ile ile ambayo Rankin aliisoma Bungeni kama hati ya mashtaka. Hubbell anavuka barabara kwenda zake. Katie anarudi kwa wapita njia, anainua kikaratasi kingine, na sauti yake iko juu kama ilivyokuwa mwaka 1937.