Maradhi ya Ubongo Yaliyooteshwa Ndani ya Ute

Tangu mwaka 1906, Alois Alzheimer, tabibu wa Kijerumani, alipoutazama kwa hadubini ubongo wa marehemu Auguste Deter, aliyepata kuwa mgonjwa wake mjini Frankfurt, ilidhihirika kwamba maradhi yale yamfanyayo mzee amsahau hata mwana aliyemzaa huacha alama mbili: mabonge ya protini iitwayo amiloidi baina ya seli, na nyuzi za protini nyingine, tau, zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Lakini alama hizo zilionwa katika maiti, ilhali chanzo chake hakina budi kutafutwa katika kitu kilicho hai.

Panya waliotiwa jeni za binadamu zenye kasoro walipata mabonge, ila nyuzi hazikufuata. Seli za neva za binadamu zilizokuzwa kwenye visahani vya maabara nazo hazikuonyesha kitu, kwa sababu amiloidi ziliyoitoa iliyeyukia katika maji ya lishe, na kila maji yalipobadilishwa ikaenda nayo, mfano wa wanga wa mchele unaooshwa. Hata ikawa watafiti wanakimwaga kwa mikono yao kile kile walichokitafuta.

Mwaka 2014, Doo Yeon Kim na Rudolph Tanzi, wa hospitali ya Massachusetts General huko Boston, walizipanda seli za binadamu zenye kasoro za maradhi ya Alzheimer ya kurithi ndani ya Matrigel, ute ambao ukiwa baridi ni majimaji na ukipata joto la mwili huganda. Humo kila seli ilizungukwa pande zote, kama ilivyo kichwani mwetu, na amiloidi haikupata njia ya kutawanyika. Baada ya wiki sita hivi mabonge yakaonekana, kisha zikaja nyuzi. Na walipotia dawa ya kuzuia amiloidi isitengenezwe, vyote viwili vikapungua. Naona hili la mwisho ndilo lenye uzito kupita yote, maana lilionyesha, katika seli za binadamu, kwamba alama ya kwanza yaweza kuizaa ya pili.

Hata hivyo, ute huo hauna mishipa ya damu, tena hutolewa katika uvimbe wa saratani ya panya, na viungo vyake havilingani kila mara. David Kaplan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts wao walitumia sifongo iliyofanywa kwa hariri. Mwaka 2020 waliziambukiza seli zilizokuzwa humo virusi vya herpesi, viletavyo malengelenge ya midomo, na mabonge yakatokea. Walipotia valasiklovia, dawa ya kuzuia virusi hivyo, yakapungua. Nawasihi wenye wazee wagonjwa wasiikimbilie dawa hiyo dukani, kwani lililofaa ndani ya sifongo ya hariri silo tiba ya mtu.