Bei ya Ubaoni na Bei ya Kaunta: Haki za Mnunuzi

Tuchukue mfano. Kamati ya ujenzi ya usharika imekwenda mjini kununua mifuko 60 ya saruji. Ubao wa duka unaonyesha shilingi 17,000 kwa mfuko, lakini kaunta wanadaiwa 17,500. Shilingi 500 huonekana ndogo, ila kwa mifuko 60 ni shilingi 30,000. Hizo ni fedha za sadaka na za wafadhili, zilizotolewa kwa kazi maalum. Katika toleo hili tunaeleza sheria za Tanzania zinasemaje kuhusu jambo hili.

Kabla ya kulipa

Wengi huamini kuwa muuzaji analazimika kuuza kwa bei aliyobandika. Si lazima iwe hivyo. Katika sheria ya mikataba, bei iliyobandikwa kwa kawaida ni mwaliko tu. Mnunuzi ndiye anayeomba kununua, na mkataba hupatikana pale muuzaji anapokubali. Hivyo kosa likigundulika kaunta, muuzaji anaweza kukataa bei ya ubaoni. Mnunuzi naye yuko huru kuacha mzigo na kwenda duka lingine.

Hata hivyo, hiyo si ruhusa ya kudanganya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa taarifa za uongo au za kupotosha kuhusu bei. Anayebandika bei ndogo makusudi ili kuvuta wateja, kisha akadai kubwa kaunta, anavunja sheria. Malalamiko ya namna hii hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC).

Kwa manunuzi makubwa ni vema kuomba profoma. Ikitaja bidhaa, kiasi, bei na muda wake, na kamati ikaikubali kwa maandishi ndani ya muda huo, tayari kuna makubaliano. Baada ya hapo muuzaji hawezi kupandisha bei peke yake.

Baada ya kulipa

Iwapo mmekubaliana bei moja na mkatozwa nyingine kwa makosa, mnayo haki ya kurudishiwa kilichozidi. Sheria ya Mikataba (Sura 345) inamtaka aliyepokea fedha kwa makosa azirudishe. Kanuni hii inazihusu pande zote mbili. Mhazini aliyepewa chenji ya ziada naye anapaswa kuirudisha.

Lakini haki hii ni ngumu kuidai bila risiti. Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mnunuzi adai risiti. Asiyedai naye anatenda kosa. Someni risiti kabla ya kuondoka: kiasi kilichoandikwa kilingane na fedha mlizotoa.

Mafuta na mizani

Kwa mafuta ya pikipiki na magari ya miradi, utaratibu ni mwingine. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na kituo hakiruhusiwi kuuza juu ya bei hiyo. Kituo kinatakiwa pia kuonyesha bei zake kwenye bango mahali panapoonekana.

Vilevile bei inaweza kuwa sahihi na kipimo kikapunjwa. Anayelipia kilo 50 za mahindi akapewa 47 ametozwa bei kubwa bila kujua. Malalamiko ya mizani, na ya pampu za mafuta, hushughulikiwa na Wakala wa Vipimo.

Tunazishauri kamati zifanye yafuatayo:

- Watu wawili waende kununua, mmoja akiandika bei zilizobandikwa.
- Wahesabu jumla wenyewe kabla ya kutoa fedha.
- Wakiona tofauti, wamweleze mwenye duka kwa upole, hapo hapo. Makosa mengi huisha kwa mazungumzo.
- Wasiporidhika, waandike tarehe, jina la duka na kiasi, waambatanishe nakala ya risiti na kupeleka malalamiko kwenye mamlaka husika.
- Risiti halisi ibaki kwenye jalada la mradi.

Kwa wafadhili wetu, risiti hizo ndizo zinazoonyesha kuwa mchango wao ulinunua kilichokusudiwa. Kwa kamati, ndizo kinga pale ambapo hesabu za mradi zinahojiwa kwenye mkutano wa usharika.