Walibora akumbukwa Ewuaso Kedong

Msomaji mpenzi, mtu wa pwani akialikwa kupanda bara kwenda kuzungumzia Kiswahili, jambo la kwanza linalomjia ni kucheka kimoyomoyo. Nami nilicheka. Mwana wa dada yangu, ambaye anasomesha Kiswahili katika shule moja ya upili huko Ewuaso Kedong, Kajiado Magharibi, alinipigia simu akaniambia: "Mjomba, njoo huku. Kuna watu wanaomkumbuka Ken Walibora, na wewe tangu afe hujaandika hata mstari mmoja juu yake." Hilo la mwisho ndilo lililonichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Basi nikafunga safari. Kutoka Ngong matatu yetu iliteremka mpaka tukaviacha nyuma vilima na mitambo yake ya upepo, Bonde la Ufa likatandaa mbele yetu, na mlima Suswa ukaonekana kwa mbali katika ukungu wa vumbi. Ewuaso katika lugha ya Kimaasai ni mto. Mimi siku ile niliona mchanga zaidi ya maji, na migunga, na mbuzi wasio na idadi. Nilijiuliza ni nani huku atakayenitajia kitabu.

Tulikaa katika hoteli ndogo ya kando ya njia, mbele ya vikombe vya chai ya maziwa. Tulikuwa watano: mpwa wangu, mwalimu mwenzake wa kike, mama mwenye hoteli, kijana mmoja wa Kimaasai aliyejitanda shuka nyekundu, na mimi.

Kwa wale wasiomjua, nieleze kwa ufupi. Marehemu alikulia kwao Trans Nzoia. Jina la ukoo lilikuwa Waliaula, naye akajulikana kwa Walibora. Sisi tuliopita chuoni twajua kwamba aula na bora ni maneno ya maana moja, kwa hiyo jina halikwenda mbali. Riwaya yake ya kwanza, Siku Njema, ilitoka 1996. Baadaye zikaja Kufa Kuzikana, Kidagaa Kimemwozea ya 2012, na nyinginezo. Alisoma habari za Kiswahili katika runinga ya NTV, akaandika katika Taifa Leo, akapata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State na kusomesha Wisconsin, Marekani. Na jambo ambalo watu wa Kajiado hawaliachi lipite: katika ujana wake alisoma Olkejuado, shule ya mji wao. "Huyu ni wetu," alisema mama mwenye hoteli, na hakuna aliyembishia.

YA KILA MMOJA

Mama huyo ndiye aliyeanza. Alimwona mara moja tu, mjini Nairobi, kwenye foleni ya dukani. Aliijua sauti kabla ya kuijua sura, kwa sababu kila jioni sauti ile ilikuwa ikiingia nyumbani mwake kwa runinga. Akamwamkia kwa woga. Yule bwana akatoka kwenye foleni, akamuuliza atokako, na aliposikia Kajiado akaanza kumwuliza habari za mvua na mifugo kama mtu aliyeacha mifugo yake huko. Foleni ikampita naye hakujali. "Sikumwomba kitu," alisema mama, "lakini niliondoka kama niliyepewa."

Mwalimu wa kike yeye alimkuta katika semina ya walimu. Alikuwa na nakala ya Siku Njema iliyokwisha jalada, akaona haya kuitoa itiwe saini. Mwandishi aliiona mkononi mwake, akaichukua kwa furaha kuliko alivyozichukua zile mpya za wenzake. Mwalimu anaamini kwamba kwa mwandishi kitabu kilichochakaa ni sifa kubwa kuliko tuzo. Nakala hiyo ameiweka kabatini, na wanafunzi huruhusiwa kuitazama tu.

Kijana wa Kimaasai alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba yeye hakuonana naye uso kwa uso. Alikuwa kidato cha tatu, akichunga mbuzi wa babake wakati wa likizo, akasoma Kidagaa chini ya mgunga mpaka mbuzi wakaingia shamba la watu. Alichapwa kwa ajili ya kitabu kile. Baadaye akaandika hadithi yake mwenyewe, akampelekea mwandishi, bila ya kutumainia chochote. Jibu lilikuja. Lilimwonyesha palipo pazuri na palipolegea, likamwambia aendelee.

Hapo nikakumbuka, na nadhani wasomaji wa riwaya ile wamekwisha kukumbuka kabla yangu. Katika Kidagaa Kimemwozea yumo kijana Amani, aliyeandika mswada kwa jasho lake, na Mwalimu Majisifu akauiba akautoa kwa jina lake mwenyewe. Amani akaishia kuchunga ng'ombe wa mtemi. Mtu aliyelibuni jambo hilo alijua jinsi mkubwa anavyoweza kumla mdogo katika ulimwengu wa vitabu. Naye mswada wa mchunga mbuzi wa Ewuaso ulipomfikia, aliurudisha kwa mwenyewe ukiwa bora kuliko ulivyokwenda.

Wote wakanigeukia. "Na wewe, mzee wetu?" aliuliza mwalimu. "Wewe wa pwani bila shaka mlikuwa pamoja sana."

KISA CHANGU

Ukweli ni huu. Siku Njema ilipotoka mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa Mji wa Kale, nimelelewa kwa kaida na tenzi, na nilikuwa nikiamini kwamba lugha hii Mungu aliitua Mvita na Lamu, wengine wote ni wapangaji. Nikasikia kwamba mtu wa Kitale ameandika riwaya ya kijana wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu, anayesafiri hadi bara kumtafuta babake. Nikaona ni ujeuri. Niliandika makala ya kejeli juu ya Kiswahili cha bara. Sikumtaja, lakini aliyekusudiwa alijulikana. Na nilipoiandika makala ile nilikuwa sijakisoma kitabu.

Nilikisoma baadaye, kwa siri, kwa usiku mmoja. Alfajiri muadhini aliniona macho mekundu akadhani nilikesha kwa ibada.

Miaka ikapita. Alikuja Mombasa kwenye kongamano la Kiswahili, na jioni rafiki mmoja akamleta kwenye baraza yetu. Wazee walikuwa wameketi mkekani wakinywa kahawa. Yule daktari wa Chuo Kikuu akavua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka, akatoa kijitabu na kalamu. Akawauliza wazee majina ya vyombo na zana za chombo: foromali ni ipi, joshini ni wapi. Kila alilojibiwa akaliandika. Mimi alinipa mkono kwa heshima. Kama aliisoma makala yangu, hakuionyesha hata kwa ukope. Nilikuwa na neno la kumwambia, kwamba nilikesha na kitabu chake. Nikaona kesho ipo, au kongamano lijalo. Kiburi, msomaji mpenzi, hakikosi kalenda.

Tarehe 10 Aprili 2020 aligongwa na gari la abiria katika barabara ya Landhies, Nairobi. Alipelekwa Hospitali ya Kenyatta, na huko akafariki. Jamaa na marafiki walimtafuta mpaka tarehe 15 ndipo walipojua kwamba yumo katika chumba cha maiti. Sauti iliyojulikana katika kila nyumba ililala siku zote hizo haina jina. Akazikwa huko kwao Cherangani, katika siku zile za korona ambapo watu walikatazwa kukusanyika, kwa hiyo wengi waliompenda hawakupata hata kutupa gao la mchanga. Umri wake ulikuwa wa miaka hamsini na kitu, kama huu wangu.

Nilipomaliza hakuna aliyenilaumu. Mama mwenye hoteli alinijaza kikombe. Mpwa wangu akatazama chini, kwani hakuwa amekijua kisa hiki. Kisha yule kijana akatoa chini ya shuka lake daftari la kurasa mia mbili, hadithi yake ya pili, akaniwekea mezani kwa mikono miwili. Yule aliyekuwa akimsomea hayupo tena, alisema, na mimi nimetoka kwenye asili ya lugha.

Sikuwa na la kujibu kuhusu asili. Nililipokea daftari. Njiani kurudi Ngong nilisoma kurasa kumi na mbili, mpaka giza likanizuia. Yamo makosa ya ngeli, na limo jambo ambalo sisi wa pwani hatungeweza kuliandika: harufu ya mvua inavyowafikia ng'ombe kabla ya watu. Nimemwahidi jibu kabla ya mwezi kwisha, na ninaliandika hapa gazetini ili nisipate pa kukimbilia.

Kwa marehemu sina ila ubeti huu uliochelewa:

Alitujia mgeni, mlango tukafungia,
Akaketi mkekani, tulonena kusikia,
Kumbe mgeni ni nani? Ni sisi tulosinzia,
Shukurani kaburini, hapana wa kupokea.