Paka wa Nyumbani na Mtoto Anayetarajiwa

Katika mtaa mmoja wa Tandika, wilayani Temeke, palikuwa na paka jike mwenye madoa, aliyekaa miaka mingi katika nyumba ya vyumba sita. Hapana mpangaji aliyemwita paka wake, wala hapana aliyemnyima vichwa vya dagaa. Bibi wa chumba cha mbele alipofikisha mwezi wa nane wa mimba, mama mkwe wake alikuja kutoka Rufiji kumwangalia. Alipomkuta yule paka amejikunja juu ya khanga zilizotayarishwa kwa ajili ya mtoto, alisema papo hapo kwamba mnyama huyo na mtoto mchanga hawakai nyumba moja. Usiku ule ule mume akamtia paka guniani, akapanda naye daladala mpaka Feri, akamvusha kwa pantoni, akamwachilia karibu na soko la Kigamboni. Mtoto alizaliwa salama, Alhamdulillahi. Siku ya kumi na mbili mama yake aliamka alfajiri, akaona ncha ya khanga aliyofunikwa mwanawe imetafunwa na panya.

Wasomaji wetu wengi wa Temeke na Kinondoni watakuwa wamepata kuona jambo la namna hii, au hata kulitenda wao wenyewe. Mimba ikionekana nyumbani, paka huhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Mmoja husema ana jini, wa pili husema manyoya yake huleta pumu, na wa tatu amesikia hospitali kwamba paka huharibu mimba. Katika maneno hayo mna uwongo na mna kweli, na yafaa tuvitenge, kwa sababu mama akiiogopa ile hatari isiyokuwapo huisahau ile iliyopo.

Tuanze na dini. Kabsha binti Kaab bin Malik, aliyekuwa ameolewa na mtoto wa Abu Qatada, alimwekea mkwewe maji ya kutawadha. Akaja paka kutaka kunywa, na Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akatosheka. Kabsha akamtazama kwa mshangao. Ndipo mkwewe akamwarifu ya kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzungukia majumbani mwetu. Habari hii wameipokea Imam Malik, Abu Daud na Tirmidhi, nayo inafaa kusimuliwa mbele ya kila mkwe ajaye na gunia. Ama ile hadithi mashuhuri ya kanzu iliyokatwa ili paka asiamshwe usingizini, watu huipenda mno, lakini haimo katika vitabu vya hadithi sahihi, na hatuihitaji. Iliyo sahihi, tena iliyomo katika Bukhari na Muslim, ni ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Basi wale wanaomfungia paka stoo siku arobaini ili mzazi apumzike, na waisome tena hadithi hiyo. Hali kadhalika, serikali yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama.

Hata hivyo, paka kuwa tahiri si kusema kwamba kinyesi chake ni safi. Kinyesi na mkojo wake ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafii, na hapa ndipo elimu ya waganga inapokutana na fikihi.

Mwaka 1908, katika mji wa Tunis, mabingwa wawili wa taasisi ya Pasteur, Nicolle na Manceaux, waligundua kidudu kidogo mno ndani ya mwili wa mnyama wa jangwani aliye mfano wa panya. Kidudu hicho kikaitwa toksoplazma. Ilipita miaka sitini na zaidi kabla wataalamu hawajathibitisha kwamba ni paka, na jamaa zake wa mwituni, ambao ndani ya matumbo yao kidudu hicho hutaga mayai yatokayo na kinyesi. Mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mja mzito, maradhi yaweza kumfikia mtoto tumboni, yakaharibu macho yake au ubongo wake, na pengine mimba ikatoka. Hiyo ndiyo kweli iliyomo katika maneno ya hospitali, wala haifai kuidharau.

Lakini yafikiri maradhi hayo yanavyokwenda. Paka huyapata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Aghalabu hutoa mayai hayo kwa muda wa wiki moja mpaka tatu tu, kisha huacha. Na mayai yakitoka hayaambukizi papo hapo. Yahitaji siku moja mpaka tano ndipo yapate nguvu. Kwa hiyo kinyesi kinachoondolewa kila siku huondoka kabla hakijawa na madhara, na kumpakata paka au kumpapasa mgongoni si njia kubwa ya kuambukizwa. Njia kubwa ni udongo uliochafuliwa, mboga zisizooshwa vizuri, na nyama isiyoiva. Mama anayemfukuza paka, kisha jioni akala mishkaki yenye damu ndani pamoja na kachumbari ya haraka haraka, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Nao wale wanaotafuna udongo wakati wa mimba, wafahamu kwamba udongo ndimo mayai ya minyoo na ya vidudu hivi yanamokaa. Haya ni mazoea ya siri, na kinamama hawapendi yatajwe, lakini nimeona afadhali niyataje.

Basi nani aondoe kinyesi cha paka miezi hiyo tisa? Nasema bila haya: ni baba. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Mwanamume wa Mbagala hatapungukiwa na kitu akichukua koleo kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, akafukia mchanga wa paka mbali na bustani na kisima. Kama mume yuko safarini, afanye ndugu au jirani. Na ikimlazimu mama mwenyewe, avae glavu au mfuko wa plastiki mikononi, kisha aoshe mikono kwa sabuni. Paka naye apewe dagaa waliochemshwa na nyama iliyopikwa, asipewe mbichi, ili asijipatie maradhi hayo kwa mikono yetu. Jambo hili lakumbukwe hasa siku ya saba, siku ya akika, ambapo mbuzi huchinjwa uani, na watoto wakamtupia paka vipande vibichi kwa furaha.

Sasa tuje kwa mtoto aliyekwisha zaliwa. Watu wa Ulaya waliamini zamani kwamba paka humnyonya mtoto pumzi. Hainyonyi, lakini hupenda mahali penye joto, na hapana penye joto kama pembeni mwa mtoto aliyelala. Mtoto wa wiki tatu hawezi kumsukuma mnyama aliyemlalia usoni. Hatari ndiyo hii, nayo ndiyo ya kutengenezewa mambo mapema.

Kosa la familia nyingi ni kungoja mpaka mama arudi na mtoto, ndipo paka apigwe kwa ufagio kwa kosa la kulala pale alipolala miaka yote. Mnyama hajui kwamba mambo yamebadilika. Yeye huona tu kwamba siku alipokuja kiumbe huyu mwenye sauti kali, yeye alianza kupigwa. Afadhali chumba cha kulala kifungwe kwake tangu mwezi wa sita wa mimba, apate miezi mitatu ya kukizoea kitanda kingine: kasha lenye kitambaa kikuukuu, liwekwe ukumbini au kwenye baraza la uani. Kama amezoea kulishwa na mama, basi kazi hiyo ihamie kidogo kidogo kwa mwingine. Bakuli lake lisihamishwe ghafula kwa siku moja, bali lisogezwe hatua kwa hatua, kwa sababu paka hushika mahali kuliko anavyoshika mtu.

Jirani mmoja wa Mwananyamala alinifurahisha kwa jambo alilolitenda. Mkewe alipokuwa mwezi wa saba, alirekodi kwa simu kilio cha mtoto wa dada yake, akawa anakicheza kila jioni kwa sauti ya chini wakati paka anapokula, akiongeza sauti siku baada ya siku. Wiki ya kwanza paka alikimbilia juu ya ukuta. Wiki ya tatu alikuwa akiendelea na dagaa wake. Wapangaji wenzake walimcheka, wakasema amerukwa na akili kwa kumsomesha paka. Mkewe alipojifungua, kabla hajaruhusiwa kurudi, mume alileta nyumbani nguo aliyovalishwa mtoto, akaiweka karibu na kasha la paka ainuse apendavyo. Mama aliporudi, mtoto akapokewa na shangazi, na mama mwenyewe akaingia mikono mitupu, akamwita paka kwa jina lake na kumpapasa kidogo, akanawa mikono, kisha ndipo akampokea mwanawe. Paka alimtazama mgeni kwa mbali, akapiga miayo, akaenda zake uani.

Neno moja juu ya chandarua. Mama zetu hupewa chandarua chenye dawa kliniki, nao huwekwa juu ya kitanda kwa ajili ya malaria, na kazi hiyo huifanya vizuri. Lakini chandarua si ukuta. Kile cha mtoto kilicho mfano wa mwavuli humvutia paka kama kitanda cha kuning'inia. Akikirukia, kitambaa hushuka mpaka usoni mwa mtoto, na kucha zake hutoboa matundu ambamo mbu huingia. Basi kitandikwe mapema, tupu, mwezi mmoja kabla, huku mlango umefungwa. Na mtoto alalapo, alazwe chali, pasiwe na mito wala khanga nyingi, na mlango ufungwe. Nyumba isiyo na mlango wa chumba, ila pazia, haina budi kuwa na mtu mzima karibu. Hakuna hila nyingine.

Kabla ya yote hayo paka apelekwe kwa daktari wa mifugo. Apewe dawa ya minyoo na ya viroboto, akatwe ncha za kucha, na zaidi ya yote achanjwe kichaa cha mbwa, kwa sababu jina linawadanganya wengi: ugonjwa huo humpata paka pia, na mwanadamu akishaonyesha dalili zake karibu hapana anayepona. Paka huweza kuchanjwa tangu akiwa na umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kama daktari atakavyoeleza. Wakazi wa Temeke wanapafahamu mahali paitwapo Veterinari, na wataalamu wa mifugo wa halmashauri wapo Kinondoni pia. Tena kila mwaka tarehe 28 Septemba ni siku ya ulimwengu ya kupambana na kichaa cha mbwa, ambapo mara nyingi chanjo hutangazwa. Paka akimkwaruza au kumng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha mtu aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona kama litavimba.

Kuhusu pumu, ni kweli kwamba wako watu ambao mate na ngozi ya paka huwaletea mafua, macho kuwasha na kubanwa kifua. Ikiwa katika nyumba yako yuko mtu wa namna hiyo, au mtoto akaanza kukoroma kifuani, daktari aulizwe. Na ikilazimu paka kuhama, ahamie kwa mtu anayejulikana, mwenye panya wa kutosha na moyo wa kulisha, asitupwe ng'ambo ya maji. Ama habari za jini, sina la kusema, ila kwamba sijapata kusikia jini aliyeshibishwa kwa vichwa vya dagaa.

Katika nyumba ya Tandika mama mkwe mwenyewe ndiye aliyetafuta paka mwingine. Alimpata Keko, kijana wa miezi minne, akamleta ndani ya kapu lenye kifuniko, na safari hii akakubali achanjwe kwanza na alale uani. Mtoto sasa anatambaa, naye hufukuzia mkia wa paka kila uchao. Baba yake amemgongomea paka ubao ukutani, juu kuliko kimo cha mtoto akisimama, na bakuli lake nalo limepandishwa huko, baada ya mtoto kukutwa mara mbili anakula dagaa wa mwenzake.