Maumivu ya Neva Mbavuni: Pesa Yako Ianzie Wapi?

Mkanda wa jeshi ukikauka, wengi hushukuru Mungu kwamba yamekwisha. Lakini kwa baadhi, hasa waliovuka miaka 50, maumivu hubaki upande mmoja yakifuata ubavu kutoka mgongoni hadi kifuani. Yanachoma, yanapiga shoti, na hata shati likigusa ngozi mtu anashtuka. Yakipita miezi 3, tatizo ni mshipa wa fahamu ulioharibiwa na virusi, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure.

Vipimo

Kifua kikibana, maumivu yakishuka mkononi au jasho likikutoka na pumzi kukata, usilinganishe bei: wahi hospitali ukapimwe umeme wa moyo (ECG). Lakini kama maumivu yako palepale ulipopita mkanda, daktari anaweza kuyatambua kwa maelezo yako na kwa kukugusa ngozi kwa pamba. Kama hukuwahi kuota malengelenge, eksirei ya kifua na kipimo cha sukari vina maana. MRI ya mgongo, iliyo ghali kuliko vyote, isubiri dalili nzito: miguu kulegea, mkojo kuziba, kukonda au homa isiyoisha. Kipimo cha VVU ni bure katika vituo vya umma vya Tanzania na Kenya; kijana aliyepata mkanda wa jeshi asikikwepe.

Dawa

Malengelenge yakiwa mapya, asikloviri ianze ndani ya saa 72. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7. Ukipewa vidonge vya miligramu 200, unahitaji 140. Vya 400, unahitaji 70. Kwa hiyo dukani uliza bei ya dozi nzima, si ya pakiti. Maumivu yakishakuwa ya miezi, usiinunue tena, haitasaidia.

Kwa maumivu sugu, diklofenaki haifui dafu, na ukiizoea inaumiza tumbo na figo. Zipo dawa zinazotuliza neva zenyewe:

- Amitriptilini: kwa kawaida kidonge 1 usiku, yaani 30 kwa mwezi. Ni ya zamani na ya bei nafuu. Hukausha mdomo na kuleta usingizi. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume amwambie daktari kwanza.
- Gabapentini: miligramu 300 mara 3 kwa siku ni vidonge 90 kwa mwezi, na dozi mara nyingi hupandishwa. Huleta kizunguzungu, mwenye figo dhaifu hupunguziwa.
- Pregabalini: mara 2 kwa siku, vidonge 60 kwa mwezi. Ni jamaa wa gabapentini, kwa hiyo hakuna haja ya kulipia zote mbili.
- Sindano ya ganzi kwenye neva ya ubavu: hufanywa na bingwa, dawa zikishindwa. Nafuu yaweza kuwa ya muda, na kuna hatari ndogo ya kutoboa pafu.

Uamuzi

Kama afya yako inaruhusu, anza na amitriptilini kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu, na uipe wiki 6 hadi 8 kabla ya kuihukumu. Ikishindwa, nenda gabapentini. Usiache yoyote ghafla. Na kabla ya kulipa, uliza bima yako inagharamia ipi, kisha zidisha bei ya kidonge kwa idadi ya mwezi mzima.